Sikio Juu ya Obwato

Usiku wa kwanza baada ya kukamua ndizi, baba mkubwa hakuwa akilala ndani. Alitandika mkeka bandani, karibu na obwato, na kabla ya kujilaza aliinama akaweka sikio juu ya majani ya mgomba yaliyofunika pombe. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho. Sisi watoto tuliruhusiwa kusikiliza baada yake, mmoja mmoja, kwa sharti la kutogusa majani. Sauti ilikuwa ndogo sana, kama mvua inayoanza kunyesha kwenye shamba la jirani: inapiga, inatulia, inapiga tena.

"Tata, ni nini hicho?" nilimuuliza.

"Wamefika," alisema.

Hakusema ni akina nani, nami sikuuliza tena. Kwetu Muleba, kwenye vilima vya upande wa Nshamba, mtoto hamhoji mzee aliye kazini. Lakini neno hilo moja nimeishi nalo hadi leo. Nimekuja kusoma, nikiwa mtu mzima, kuhusu watu wanaotumia viumbe wadogo wasioonekana kusafisha maji yaliyoingiwa na urani, na kila nilipokwama kuelewa wanafanya nini hasa, nilirudi kwenye banda lile na kulielewa upya neno la baba mkubwa.

Basi nianze na banda.

Mtu asiyejua hudhani rubisi, pombe yetu ya ndizi, inatengenezwa siku ya kukamua. Rubisi inaanza shambani, mbele ya mkungu. Ndizi za pombe, zile tunazoziita embiile, hazipikwi. Utomvu wake ni mkali, unakaza ulimi. Mkungu wake unakatwa ukiwa umekomaa vizuri lakini bado wa kijani, kisha unaingizwa shimoni. Shimo hilo limepashwa moto kwanza kwa majani makavu, likatandikwa majani mabichi ya mgomba, zikapangwa ndizi, zikafunikwa kwa majani mengine na udongo. Zinakaa humo siku kadhaa zikiiva kwa joto na moshi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ndizi ikitolewa mapema, wanga wake haujageuka sukari, na ukikamua hutoki na kitu. Ikichelewa, inalainika mno, na badala ya maji unapata uji mzito ambao hakuna nyasi itakayouchuja. Kati ya mapema na kuchelewa pana muda wa siku moja hivi. Baba mkubwa aliijua siku hiyo kwa kuchomoa ndizi moja, kuimenya na kuibonyeza kwa kidole gumba karibu na ncha. Hakuwa na kipimo kingine, na sikumbuki akikosea.

Zikishamenywa zinamwagwa ndani ya obwato. Neno hilo kwa Kihaya ni lile lile la mtumbwi wa ziwani, na kwa kweli chombo chenyewe ni mtumbwi: gogo moja refu lililochongwa likabaki na tumbo. Nyasi zilizokatwa rweya, kwenye uwanda wa wazi, zinachanganywa na ndizi, na wanaume wanaingia kwa miguu iliyooshwa, wanakanyaga. Nyasi zina kazi mbili. Zinakwaruza ndizi hadi itoe maji, kisha zinabaki na makapi ili maji yatoke safi. Mkanyagaji mzuri hakanyagi kwa nguvu zote tangu mwanzo. Anaanza polepole, kisigino kwanza, na anaongeza mwendo povu linapoanza kupanda kati ya vidole. Mzee anasimama pembeni anaangalia rangi ya povu. Ndipo anaamua kiasi cha maji ya kuongeza, na hapo tena ni jicho linaloamua.

Maji yaliyokamuliwa ni matamu mno, na watoto hupewa kwanza. Hiyo bado ni togwa. Kisha unaletwa mtama uliokaangwa na kuparazwa, unanyunyizwa juu na kukorogwa. Obwato inafunikwa kwa majani ya mgomba, majani yanagandamizwa kwa magogo ya mgomba, na watu wanaondoka. Mikono yote inaondoka. Kuanzia hapo hakuna mtu anayefanya kazi, na ndipo kazi kubwa inafanyika.

Ninaomba msomaji asimame nami hapa kidogo, maana hili ndilo jambo ninalolistahi kuliko yote katika ufundi huu. Hakuna aliyenunua hamira. Hakuna aliyeongeza dawa. Hamira iliyogeuza togwa kuwa pombe ilikuwepo tayari: kwenye maganda ya ndizi, kwenye punje za mtama, na zaidi katika gogo la obwato, ndani ya nyufa ambako mapishi ya mwezi uliopita na ya mwaka juzi yameacha mbegu zake. Ndiyo maana obwato haioshwi kwa sabuni. Inasuuzwa kwa maji, inafutwa kwa nyasi, inaachwa ikauke kivulini. Wanasayansi wa Ulaya walihitaji Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, kuwathibitishia kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai na wala si uozo tu wa vitu. Baba mkubwa hakuwahi kulisikia jina la Pasteur. Lakini aliposema "wamefika" alikuwa anasema jambo lile lile, tena akiwa amelisikia kwa sikio lake: hewa ya kaboni ikipanda kwa mapovu kupitia makapi, alama kwamba kuna walao sukari.

Kesho yake jioni, rubisi iko tayari. Siku ya pili ni tamu na kali kwa pamoja, na hapo ndipo wageni huitwa. Siku ya tatu na ya nne ladha inageuka. Hewa imeingia, na pamoja nayo wameingia viumbe wengine, bakteria wanaokula kilevi na kukigeuza siki. Baba mkubwa aliichukia siki, lakini hakuwalaumu walioileta. Alisema majani yalikaa vibaya. Kosa ni la mwenyeji aliyeacha mlango wazi, akaingia mgeni asiyealikwa.

Ishike siki hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye urani.

Urani ni metali nzito inayotoa mionzi, na ina tabia mbili kulingana na mahali ilipo. Mahali penye hewa, urani inashikamana na oksijeni, inayeyuka majini na kusafiri. Maji ya mvua yakipita juu ya topesumu, yaani tope la mabaki ya kinu cha kuchenjua urani, yanaibeba, yanaishusha chini ya ardhi, na baada ya miaka inatokea kisimani kwa mtu au mtoni. Mahali pasipo hewa, urani inageuka punje nyeusi isiyoyeyuka, inajilaza mchangani na kutulia. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni elektroni mbili tu. Urani iyeyukayo ikipewa elektroni mbili, inakuwa jiwe.

Nani wa kuzitoa elektroni hizo chini ya ardhi, mita kadhaa kwenye giza, mahali ambapo hakuna mashine inayoweza kufika kila punje ya mchanga?

Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake, katika Idara ya Jiolojia ya Marekani, walieleza kuhusu bakteria waliyempata katika tope la Mto Potomac, karibu na jiji la Washington. Baadaye aliitwa Geobacter metallireducens. Ni mdogo kiasi kwamba ukiwapanga mia tano kwa mstari, hawazidi sana milimita moja au mbili. Jambo la ajabu kwake ni namna anavyopumua. Kila kiumbe kinachokula kinabakiwa na elektroni, na lazima kipate pa kuzitua. Mimi na wewe tunazitua kwenye oksijeni. Ndiyo maana tukikosa hewa tunakufa. Geobacter anaishi katika tope ambamo oksijeni haifiki, basi yeye anazitua kwenye kutu. Anapumua kutu ya chuma kama sisi tunavyovuta hewa. Mwaka 1991 Lovley na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba bakteria wa aina hii anaweza kufanya vivyo hivyo kwa urani. Anakula, anazitua elektroni zake juu ya urani iliyoyeyuka, na urani inaganda.

Hapa mtu wa Bukoba ana sababu ya kutabasamu kwa fahari. Kuipokonya kutu oksijeni yake ndiyo kazi ya mhunzi. Kando ya Ghuba ya Kemondo, njiani kati ya Bukoba na Muleba, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichimba mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za zamani sana, za kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele yao. Makala yao ilitoka mwaka 1978 katika jarida la Science. Tanuru ile ilijazwa nyasi za bwawani zilizochomwa, makaa na mawe ya chuma, na mivuo ikapulizwa kwa masaa mengi. Mhunzi alitumia moto mkali kuing'oa oksijeni kwenye jiwe. Geobacter anaanza kazi ya namna hiyo hiyo kwa ubaridi wa tope, bila makaa, bila mvuo. Hafiki mbali kama mhunzi, hatoi chuma cha kufulia jembe, lakini njia ni moja.

Na tope la namna hiyo halipo Washington tu. Shuka bonde la Mto Ngono wakati maji yamepungua, uangalie mifereji ya kando ya mabwawa. Utaona tope lenye rangi ya kutu, na juu ya maji yaliyosimama kuna utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, kama mtu aliyemwaga mafuta ya taa. Uchokoze kwa kijiti. Mafuta yangezunguka na kuungana tena. Utando huu unavunjika vipande vipande kama barafu nyembamba. Si mafuta. Ni chuma, na ni kazi ya bakteria. Kilichopanda juu kimekutana na hewa na kurudi kuwa kutu. Chini yake, ukizamisha kijiti, tope ni jeusi na kijivu, na huko ndiko wanakoishi wapumua kutu. Nilikuwa nikipita hapo na ndoo kichwani miaka yote ya utoto, nikiamini kuna mtu anaharibu mafuta.

Kujua kwamba bakteria anaweza kazi ni kitu kimoja, na kumfanya aifanye pale unapotaka ni ufundi mwingine kabisa. Ufundi huo ulijaribiwa katika mji mdogo wa Rifle, jimbo la Colorado, Marekani. Hapo palikuwa na kinu cha kuchenjua urani, kando ya Mto Colorado. Topesumu lenyewe lilizolewa na kupelekwa kwingine katika miaka ya 1990, lakini maji ya chini ya ardhi yalibaki na urani, na maji hayo yalikuwa yakisogea polepole kuelekea mtoni. Kuyapampu yote na kuyasafisha juu ni gharama isiyo na mwisho, kwani mchanga huendelea kutoa urani kidogo kidogo kwa miaka.

Watafiti hawakuleta bakteria yeyote. Narudia, maana hapa ndipo nilipomkumbuka baba mkubwa na nikaweka kitabu chini. Hawakumleta yeyote. Waliamini kwamba Geobacter wapo tayari katika mchanga ule, wachache, wenye njaa, wamekaa tu. Walichokosa ni chakula. Basi majira ya joto ya mwaka 2002 walitoboa visima vyembamba kwa mstari na kuingiza asetati ndani ya ardhi. Asetati ni chumvi ya asidi ya siki. Ile ile iliyoharibu rubisi ya siku ya nne ndiyo chakula walichoandaliwa wageni wa Rifle.

Wakasubiri. Kabla ya siku 10 kupita, urani majini ilianza kupungua. Ndani ya siku 50, baadhi ya visima vya upimaji vilikuwa vimeshuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa ajili ya eneo hilo. Walipochunguza mchanga walikuta Geobacter wameongezeka mno, kama inzi wa matunda siku ya kumenya ndizi. Walikuwa wamefika.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi katika habari ya Rifle ni ile iliyofuata, maana ndipo ugumu wa ufundi unapoonekana. Chakula kiliendelea kumiminwa, na kutu iliyokuwa rahisi kufikiwa karibu na visima ikaanza kwisha. Geobacter wakapungua. Wakaingia wengine, bakteria wanaopumua salfeti, nao wakaila asetati ile ile kwa furaha zao, lakini urani hawakuishughulikia kama wenzao. Kiasi cha urani katika maji kikaanza kupanda tena. Mezani chakula ni kile kile, wageni wamebadilika. Mpika rubisi yeyote wa Kamachumu angewaeleza kilichotokea: mmepita siku ya pili, sasa mko siku ya nne.

Baada ya hapo watafiti walirudi Rifle mwaka baada ya mwaka, wakibadilisha kiasi cha chakula na wakati wa kulisha, wakipima. Hawakuacha kwa sababu jaribio la kwanza halikutulia. Ninawaheshimu kwa subira hiyo kuliko kwa ugunduzi wenyewe. Mwaka 2011, Gemma Reguera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walionyesha jambo jingine la kupendeza: kwamba Geobacter hujiotesha nyuzi nyembamba kama nywele, zinazopitisha umeme, na kwa nyuzi hizo anaigandisha urani nje ya mwili wake, mbali na tumbo lake. Anaishika sumu kwa ncha ya mkono ulionyoshwa. Mwenye nyuzi anadumu; asiye nazo anaumizwa na urani inayogandia mwilini mwake. Hata mfanyakazi mdogo kiasi hicho ana namna yake ya kujikinga kazini.

Lazima niseme wazi kisichofanyika, kwani nimesikia watu wakilieleza jambo hili kana kwamba ni miujiza. Bakteria hali mionzi. Hakuna kiumbe kinachoweza kuamuru kiini cha atomu kitulie. Urani iliyogandishwa Rifle ni urani bado, na nusu ya urani ya kawaida huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kupungua. Alichofanya bakteria ni kuizuia isisafiri: isiingie kisimani, isinywewe, isifike kwenye mfupa wa mtoto. Na kizuizi hicho kinadumu mradi hewa isirudi kule chini. Oksijeni ikiingia, punje nyeusi inayeyuka tena. Kwa hiyo aliyeanza kazi hii hana siku ya kukunja mkeka akasema amemaliza. Ni lazima aendelee kupima. Majani yakikaa vibaya, siki inaingia.

Wengine wamewatafuta viumbe wagumu zaidi, kwa ajili ya mahali ambako mionzi yenyewe inaua. Mwaka 1956 huko Corvallis, Oregon, Arthur Anderson alikuwa anajaribu kuhifadhi nyama ya kopo kwa kuipiga mionzi, na kopo moja likaharibika hata hivyo. Ndani yake alimkuta Deinococcus radiodurans, bakteria anayestahimili mionzi ya grei 5,000, wakati grei 5 tu zinatosha kumuua binadamu. Vinasaba vyake vinakatika vipande, naye anaviunga upya ndani ya saa chache. Mwaka 2000 kundi la Michael Daly lilitangaza kwamba limempandikizia uwezo wa kuibadili zebaki yenye sumu, ili aweze kutumwa kwenye taka zenye mionzi na zebaki kwa pamoja. Ni kazi ya akili nyingi. Hata hivyo moyo wangu umebaki Rifle, kwa mwenyeji anayelisha waliopo.

Kwetu mkoani Kagera tuna sababu ya kutowapenda vijidudu wote, na sitaki nionekane nimesahau. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini kwetu, na uliripotiwa Muleba. Unaletwa na bakteria, Xanthomonas, ambaye alikuwa amejulikana Ethiopia tangu zamani na akaonekana Uganda mwaka 2001. Ndizi inaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Nimeona kibanja kilichorithiwa kwa vizazi kikigeuka uwanja wa mashina yaliyooza. Wadudu wanaotembelea ua dume wanaupeleka kutoka mgomba hadi mgomba, na panga letu wenyewe linaupeleka pia.

Lakini angalia dawa iliyopatikana. Unachukua kijiti chenye panda, unakiingiza kwenye kikonyo cha ua dume mara baada ya chane ya mwisho kutoka, unazungusha, ua linaanguka. Huligusi kwa panga. Panga unalipitisha kwenye moto kabla ya kwenda mgomba wa pili. Ndio ufundi ule ule ukiwa umegeuzwa: huko bandani unaandaa mahali ili mgeni aingie, huku shambani unafunga mlango ili asiingie. Kote mkulima hamwoni anayeshughulika naye. Anajua njia anazopita, basi anashughulika na njia.

Sisi tunaozungumza Kiswahili si wageni wa urani. Madini ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 1945, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kikisemwa migodini huko. Hapa kwetu Tanzania, urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilifanya mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe mwaka 2012. Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia usalama wa mionzi nchini. Mgodi ukifunguliwa kwa ukamilifu, kutakuwa na topesumu, na kutakuwa na maji yanayopita chini yake kuelekea kwenye mito ya kusini. Kulinda maji hayo kunahitaji kwanza mabwawa yaliyojengwa vizuri, plastiki nene chini yake, visima vya upimaji na sheria inayofuatwa. Viumbe wadogo ni wasaidizi wa hayo, na asitokee mtu wa kuwatumia kama kisingizio cha kujenga bwawa dhaifu.

Ila msaada wao nautaka uandaliwe mapema, kwa sababu Rifle imetuonyesha kwamba walifaa kwa kuwa walikuwa wenyeji. Kila tope lina watu wake. Waliopo katika mchanga wa Colorado si lazima ndio waliopo katika mchanga wa Namtumbo. Joto ni jingine, mvua ni nyingine, kutu ni nyingine. Baba mkubwa asingeweza kupika rubisi yake katika obwato ya mtu wa Karagwe akapata ladha ile ile, na alilijua hilo, ndiyo maana alipohamia nyumba mpya kitu cha kwanza kubebwa na wanaume wanne kilikuwa gogo lake. Hatuwezi kuagiza kopo la bakteria kutoka ng'ambo siku ambayo kisima kimeshachafuka. Tunatakiwa tuwe tumeshawajua walioko nyumbani, majina yao, chakula wanachokipenda, na siku ambayo wengine wanaanza kuwazidi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana walioko maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine, Dar es Salaam na Arusha, hasa wale waliokulia kwenye vibanja na wamewahi kusikiliza obwato. Nendeni Namtumbo sasa, maji yakiwa bado safi. Chukueni tope la kando ya mto, mlijaze kwenye chupa, mzibe kabisa isipite hewa. Lipeni asetati kidogo. Andikeni tarehe juu ya chupa, mliweke gizani, kisha msubiri na mpime kila siku, mpaka mjue ni nani wamefika.